Noon ni Saa Tisa

Mwulize mchuuzi wa Buteba, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, ni saa ngapi wakati mshale mfupi wa saa yake uko kwenye 3 mchana. Hatasema tatu. Atasema saa tisa, na kama mnaongea Kiganda atasema ssaawa mwenda, tisa ileile. Jicho lake limevuka hadi upande wa pili wa uso wa saa, ambako mkia wa mshale ungetokea kama ungekuwa mrefu zaidi: mkabala wa 3 ipo 9. Ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, hesabu ni hiyohiyo.

Wageni huambiwa kwamba "saa za Kiswahili" ziko nyuma kwa saa sita, kana kwamba Waswahili waliikuta saa ya Kizungu wakaipindua. Maelezo hayo yameanzia mkiani, na shahidi ni neno la Kiingereza lenyewe: noon.

Leo noon ni saa sita mchana. Asili yake, hata hivyo, ni Kilatini, nona hora, yaani saa ya tisa. Warumi waliugawa mchana mafungu 12, wakianza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa yao ya tisa iliangukia alasiri, palepale inapoangukia saa tisa ya Buteba. Watawa wa Ulaya, waliofuata kanuni iliyoandikwa na Benedikto katika karne ya 6, walikuwa na sala ya wakati huo, na Waingereza wakalichukua jina lake. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuhama kwake yanahusu njaa: siku za mfungo chakula kilisubiri sala ya saa tisa, basi sala ikawa inavutwa mbele kidogo kidogo. Kufikia karne ya 14, saa tisa ya Waingereza ilikuwa imekaa adhuhuri, na hapo imebaki. (Wahispania waliokoa jirani yake: siesta, usingizi wa mchana, imetokana na sexta, saa ya sita.)

Uhamisho huo umeacha mkanganyiko wa kufurahisha katika Injili. Giza la siku ya kusulubiwa lilidumu tangu saa sita hadi saa tisa, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaelewa mara moja bila tanbihi. Tafsiri kadhaa za Kiingereza cha kisasa hulazimika kubadili tarakimu, na kwa saa sita huandika noon. Neno lililozaliwa likimaanisha mwisho wa giza lile sasa linataja mwanzo wake.

Kwa kweli hesabu ya Warumi inafaa zaidi hapa kuliko kwao. Roma, saa moja ya majira ya baridi ilikuwa kama dakika 45 na ya kiangazi kama 75, kwa sababu mchana ulipungua na kurefuka. Buteba iko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta. Mchana wake haubadiliki mwaka mzima ila kwa dakika chache, hivyo saa ya kwanza ya Januari ni ndefu sawa na ya Julai. Anayehesabu kuanzia mapambazuko hapa hana haja ya kurekebisha chochote.

Kiswahili nacho kina neno la sala, adhuhuri, kutoka Kiarabu, lakini hili halikuhama: wakati wake huingia jua linapopinduka utosini. Linapinduka saa ngapi ni suala jingine. Saa rasmi ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Buteba iko kwenye ya 34 hivi. Kila digrii ni dakika nne, basi kwa wastani jua la Buteba huchelewa kama dakika 44, ingawa kiasi hicho hubadilika ndani ya mwaka. Mwanzoni mwa Novemba hufika utosini kama saa sita na dakika 27, na katikati ya Februari inakaribia saa saba kamili. Redio inapotangaza saa sita mchana, kijiti kilichosimikwa uani Buteba bado kina kivuli, na kivuli hicho kingali upande wa magharibi.