Mpangaji Ndiye Benki

Jina la Soweto limesafiri mbali. Kule Johannesburg lilianza kutumika rasmi mwaka 1963, likiwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi. Waafrika wa huko walikuwa wapangaji wa serikali ya makaburu, na mwaka 1986 waligoma kulipa kodi za nyumba. Soweto yetu ya Mbeya, jirani na Mwanjelwa, nayo inajua uchungu wa kodi, ila hapa mwenye nyumba si kaburu. Mara nyingi ni mjane, mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa sokoni.

Tulifikaje hapo? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba. Jengo lenye thamani inayozidi shilingi 100,000, ambalo mwenyewe halikalii lote, lilichukuliwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi zake ziliunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962.

Sheria ile iliyagusa maghorofa ya barabara kuu. Haikuigusa nyumba ya vyumba sita yenye choo cha nje, na humo ndimo wananchi wengi wa mijini walimokuwa wamepanga. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa kupima viwanja na kupeleka huduma Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Lakini watu waliongezeka kuliko viwanja. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, nayo iliufanya mji wa Mbeya kuwa njia panda ya watu na mizigo.

Halafu Benki ya Nyumba ikafungwa mwaka 1995. Tangu hapo mtu wa kipato cha chini amejenga kwa mtindo wa tofali moja moja. Anapaua vyumba viwili, anavipangisha, na kodi yake inanunua saruji ya chumba cha tatu. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kudaiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo. Mwenye nyumba si lazima awe mroho. Anatafuta mtaji, na hana pengine pa kuupata.

Tatizo ni kwamba mtaji huo unatoka kwa kijana aliyeanza kazi juzi, au kwa mama anayeuza ndizi na kupata fedha yake siku kwa siku. Kwake miezi sita ni mlima. Akikopa ili alipe, riba ni juu yake. Tena kuna dalali, naye anataka chake.

Zamani palikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Baraza la Ardhi na Nyumba, na makubaliano ya watu wawili. Lakini makubaliano mengi ni ya mdomo, hayana hata stakabadhi. Siku kodi inapopandishwa ghafla, au vyombo vinapotolewa nje, mpangaji hana cha kumwonyesha hakimu.

Wengine watasema serikali irudishe udhibiti wa bei. Mimi naogopa kwamba bei ikibanwa bila mikopo ya ujenzi, chumba cha tatu hakitajengwa. Tuanze na lililo rahisi: mkataba wa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na risiti kwa kila malipo. Anayetoa kodi ya miezi sita kabla hajalala hata usiku mmoja ndiye benki ya mwenye nyumba. Na benki gani itoayo fedha zake bila karatasi?