Shela

Shela ni kijiji cha kale cha Waswahili katika kisiwa cha Lamu, Kenya, kilomita 3 hivi kusini mwa mji wa Lamu. Kwa mapokeo, wakazi wake walitoka Takwa, mji wa kisiwa jirani cha Manda uliobaki mahame tangu karne ya 17. Bado huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara huko. Mwanzoni mwa karne ya 19, Walamu waliwashinda hapa Wapate na Wamazrui wa Mombasa, kisha wakatafuta himaya ya Oman. Msikiti wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829. Nyuma ya vichochoro na nyumba za mawe yametanda machuguu ya mchanga, matupu kwa macho, lakini ndiyo yanayochuja maji ya mvua yanayolisha visima vya Lamu.