Nani Alishangaa, Nani Alifumaniwa?

Majuzi nilikuwa nikisahihisha tafsiri ya mwanafunzi wangu, nikakutana na sentensi hii: "Kambi ilishangazwa usiku na askari wote wakatekwa." Matini ya Kiingereza, ya zamani kidogo, ilikuwa na neno 'surprised'. Nikajiuliza, jamani, kambi hushangaaje? Nikamkata alama moja.

Historia ya neno lenyewe inatufaa hapa. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, katika kitenzi 'surprendre': 'sur' ni juu, 'prendre' ni kutwaa. Hapo kale, aliyekuwa 'surprised' alikuwa ameshukiwa ghafla akatwaliwa, mfano wa ngome iliyovamiwa kabla walinzi hawajashika silaha. Maana ya hisia, yaani kushangaa, ilikuja baadaye na polepole ikaifunika ile ya kwanza.

Wapenzi wa Kiingereza wana kisa chao. Eti mke wa Noah Webster, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kimarekani ya 1828, alimkuta mumewe akimbusu mjakazi. Akamaka kwamba yeye ni 'surprised'. Mume, badala ya kuomba radhi, akamsahihisha: la, mimi ndiye 'surprised', wewe ni 'astonished'! Wengine humpachika kisa hicho hicho Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake 1755, kwa hivyo tusikifanye historia. Hata hivyo, somo lake ni sahihi. Mume alifumaniwa, mke akapigwa na butwaa.

Hebu tazama utajiri tulio nao. Anayeona jambo geni hushangaa, au hustaajabu, neno tulilolipata kwa Waarabu pamoja na 'ajabu'. Anayesikia kishindo hushtuka. Anayevamiwa bila kutarajia hushtukizwa. Anayenaswa katika tendo la aibu hufumaniwa. Kiingereza huweza kuwabebesha wote hao neno moja, 'surprised', halafu muktadha ndio uamue. Mfasiri anayekimbilia '-shangaa' kila mara huwageuza mateka kuwa watazamaji.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu angeandika: "Kambi ilivamiwa kwa kushtukiza." Lakini ile alama nilimrudishia. Nilikumbuka kwamba ni mimi niliyemwandikia ubaoni, mwaka uliopita, kuwa 'surprised' ni '-shangaa', nikaweka nukta. Hapo, wallahi, aliyefumaniwa ni mimi.