Nadharia tete

Magazetini "tete" ni neno la wasiwasi: hali ni tete, amani ni tete. Kwenye takwimu nadharia tete ni dai tu linalosubiri kujaribiwa.

Tuseme mzee mmoja sokoni Tabora anajinadi kwamba kwa ulimi tu anaijua asali ya Sikonge na ya Urambo. Afungwe kitambaa machoni, maana rangi ingemsaidia. Apewe vikombe 8 vilivyochanganywa, 4 vya kila wilaya, na maji ya kusukutua. Achague vinne vya Sikonge. Jaribio la namna hii mwanatakwimu Ronald Fisher alilieleza mwaka 1935, ila la kwake lilikuwa la chai na maziwa. Mwingereza, utamwambia nini?

Nadharia tete tunayoiweka kizimbani ni hii: mzee anabahatisha. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, na moja tu ndiyo sahihi yote. Akivipata vyote, tunaitupa nadharia. Akipata vitatu? Anayebahatisha hufika hapo au zaidi mara 17 kati ya 70, karibu robo. Haitupwi. Lakini haijathibitishwa pia, na hapa ndipo habari zetu nyingi za utafiti huteleza.

Pengine mzee ni mkweli, vikombe ndivyo vichache. Viwe 12, sita kwa sita, na akikosea kimoja bado atashinda: 37 kati ya 924, chini ya kikomo cha asilimia 5 kinachokubaliwa na wengi.