Nani Amemwaga Maji?

Jumapili moja asubuhi niliingia jikoni na soksi, nikakanyaga maji. Hayakuwa mengi, dimbwi la ukubwa wa sinia tu, limetokea chini ya mlango wa mashine ya kuoshea vyombo na kutambaa mpaka kwenye miguu ya friji. Neno la kwanza lililonitoka, kabla hata sijainama kuangalia yanatokea wapi, lilikuwa: "Dada, umeifanya nini hii mashine?"

Dada ndiye anayetusaidia kazi za nyumbani. Alikuwa anamvalisha mtoto viatu. Akajibu, "Sijaifanya kitu, kaka," akaja na tambara akaanza kudeki.

Mashine yenyewe tuliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nchi na kuuza vitu vyake vyote kwa wiki moja. Hapa Dar si kitu cha kila nyumba. Mama yangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama siku hizi tumeshindwa hata kuosha vikombe. Kwa hiyo ilipoanza kuvuja nilikuwa na hasira mbili: ya maji, na ya kujua mama atasema nini.

Nikajifanya fundi. Nilianza na mpira wa mlango, nikaufuta wote kwa kitambaa chenye maji ya moto, maana mafuta na makombo yakiganda pale mlango haubani. Mashine nyingi mpira mkubwa unazunguka pande tatu tu, juu na ubavuni. Chini kuna mwingine mdogo, na huo ndio watu wanausahau. Ulikuwa mzima. Nikaweka pima maji juu ya mashine: imeinamia mbele kidogo. Nikazungusha miguu yake mpaka ikakaa sawa. Nikaivuta nje nikapapasa mipira ya maji nyuma, unaoingiza na unaotoa. Mikavu. Nikawasha tena. Baada ya dakika ishirini, dimbwi lile lile.

Fundi akasema atakuja jioni. Sasa mwandishi wa habari akiambiwa asubiri anafanya nini? Anasoma. Nilitaka kujua tu nani alikuja na wazo la kufungia maji na sahani ndani ya sanduku, nikaishia Shelbyville, mji mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani, nyumbani kwa mama mmoja anaitwa Josephine Cochran. Baadaye mwenyewe aliongeza herufi mwishoni, akawa Cochrane.

Hakuwa wa kwanza kujaribu. Mwaka 1850 Joel Houghton alipewa hataza ya mashine ya mbao yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, ikirushia vyombo maji. Haikufika mbali. Tofauti ya Cochrane ni kwamba yeye alianza na sahani. Alizipima, na vikombe, na visosi, akatengeneza vyumba vya waya vinavyoshika kila chombo kwa umbo lake. Vyumba hivyo vilikaa kwenye gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba, gurudumu likizunguka huku maji ya moto yakirushwa kutoka chini. Kwanza maji ya sabuni, halafu maji matupu. Hakuna kusugua. Presha ya maji ndiyo inafanya kazi ya mkono. Hataza yake, namba 355,139, ilitoka tarehe 28 Desemba 1886.

Hapo nilisimama kidogo, nikaiangalia ile ya kwangu. Wazo ni lile lile. Na ukilielewa wazo unaelewa na kuvuja: umechukua maji, umeyapa nguvu, umeyafungia kwenye sanduku ambalo lazima liwe na mlango. Kwa hiyo ukiona maji sakafuni usiulize tu wapi pametoboka. Uliza pia nini kimebadilika kwenye maji yenyewe. Mimi nilikuwa sijauliza hilo.

Lakini kilichonikaa kooni ni mwanzo wa hadithi. Inasimuliwa kwamba Cochrane alikuwa na vyombo vya kaure vya thamani, vya urithi, na watumishi wake walikuwa wakivibandua kingo wakati wa kuosha. Akawakataza wasivishike, akaanza kuosha mwenyewe, akachoka, ndipo akawaza mashine. Yaani kitu ambacho leo tunauziwa kama mkombozi wa mikono ya mwanamke kilianza kama njia ya kuziokoa sahani na mikono ya watu wengine. Simulizi haina majina ya hao watumishi. Haielezi walikuwa wanaosha sahani ngapi baada ya karamu, wala saa ngapi usiku. Wamo tu kama watu wanaovunja vitu.

Ni kweli mambo hayakuishia kwenye kaure. Mwaka 1883 mumewe, William, alifariki na kumwachia madeni, na hapo lile wazo likageuka suala la kula yake. Alifanya kazi kwenye banda la nyuma ya nyumba akisaidiwa na fundi anayeitwa George Butters. Hataza ikatoka kwa jina la mama peke yake. Simlaumu: mjane mwenye deni, karne ile, kuingia peke yake kwenye hoteli za Chicago kuuza mashine si mchezo. Palmer House walinunua. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago, mashine zake zilikuwa zinaosha vyombo vya migahawa mle ndani, na zikapata tuzo.

Majumbani zilikwama. Zilikuwa ghali, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha kuzilisha. Wengine walilalamika zinaacha sabuni kwenye sahani. Cochrane alifariki mwaka 1913. Kampuni yake ilinunuliwa na Hobart mwaka 1926, na mashine ya nyumbani kwa jina la KitchenAid ikatoka 1949.

Sabuni. Nilikuwa nimeisoma hiyo sentensi na kuipita.

Fundi alifika saa kumi na mbili. Hakugusa mpira wala mipira ya maji. Aliwasha, akasubiri, akafungua mlango katikati ya kuosha, na humo ndani kulikuwa kumejaa povu jeupe mpaka kwenye kapu la juu. "Bosi, mnatumia sabuni gani?"

Nikageuka kumwangalia dada. Akaniangalia na yeye. "Ile ya kijani ya sinki, kaka. Ya mashine iliisha Jumatano. Nilikuuliza, ukasema niweke hiyo hiyo, kidogo."

Nikakumbuka. Nilikuwa kwenye simu.

Fundi akaeleza kwamba sabuni ya mashine imetengenezwa isitoe povu. Mpira wa mlango unazuia maji yanayoruka, lakini povu linasukuma taratibu na kupenya chini. Na lile lililopenya linaangukia kwenye trei iliyo chini ya mashine. Humo kuna boya, likinyanyuka pampu inanguruma hata kama umezima. Kumbe ule mngurumo wa usiku niliodhani ni friji! Tulichomoa umeme, tukailaza mashine kinyumenyume, trei ikamwaga maji yake. Akachota povu kwa bakuli, akatia kikombe cha siki, akaiendesha mara tatu bila vyombo. Mara ya tatu sakafu ilibaki kavu. Hela aliyodai ingenunua sabuni ya mashine ya miezi miwili.

Alipoondoka nilimwambia dada nimekosea, nisamehe. Akasema, "Haya kaka, yameisha," kwa ile sauti ambayo huwezi kujua kama kweli yameisha. Vyombo vya siku nzima vilikuwa bado kwenye sinki. Akawa anakunja mikono ya blauzi yake. Nikamwambia aache, aende akapumzike, nikaichukua ile chupa ya kijani.