Noah ya Bandarini na Noah ya Mlimani: Kagua Milango Kwanza

Wapwani wengi tunaijua Toyota Noah ikiwa kwenye yadi za Mombasa, imeshuka melini juzi na inang'ara. Mimi ninakaa Sigowet, kaunti ya Kericho, kwenye barabara ya Kapsoit kwenda Sondu, na huku ndiko ninakoiona ikifanya kazi. Jamaa wa pwani akinipigia simu kuniuliza anunue ipi, humwambia aanzie kwenye milango ya ubavuni, injini baadaye.

Umbo lake lina sababu. Japani ina daraja la magari madogo lisilopita urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na injini ya lita 2. Noah ya kawaida iliyotoka mwaka 2014 ina upana wa milimita 1,695, imebanwa humo kwa makusudi. Kilichobaki ni kuipandisha juu, ndiyo maana imesimama kama kabati. Faida yake ni vioo vikubwa na mtoto kuona nje. Ile ya Si imeongezwa mabawa ya chini na bampa pana, ikafika milimita 1,730. Mjini inapendeza, lakini kwenye njia za udongo mwekundu mvua ikinyesha, na Kericho mvua hainyimi, mabawa hayo ndiyo ya kwanza kupasuka. Voxy na Esquire ni ndugu zake wa tumbo moja, tofauti kubwa ni sura. Usiongeze pesa kwa ajili ya taa.

Sasa milango. Mlango wa kuteleza hauhitaji nafasi ubavuni, na sakafu yake iko chini. Bi mkubwa mwenye magoti mabovu huingia bila kubebwa, na hilo peke yake latosha kuwa sababu ya kununua. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango wa kushoto ndio unaotazama kando ya barabara, na matoleo ya bei nafuu mara nyingi yana mota upande huo tu, au hayana kabisa. Muulize muuzaji, kisha ubonyeze mwenyewe, mara kumi.

Mota huvuta mlango kwa kamba ya waya inayopita karibu na reli. Huku matope hujaa kwenye reli ya chini, yakikauka yanakuwa kama tofali, na rola husaga. Kwetu pwani adui ni chumvi na mchanga. Dawa ni ile ile: brashi na kitambaa, kisha mafuta kidogo, si grisi nzito inayokamata vumbi. Kwenye dashibodi kuna swichi ya kuzima mota. Gari likibeba abiria wengi, izime na mlango usukumwe kwa mkono, maana makanga akiulazimisha wakati mota inavuta, kamba ndiyo inayokatika.

Kuna jambo ambalo Mombasa, kwa utambarare wake, haikufundishi. Mlango huu hufunguka kuelekea nyuma. Ukiegesha pua ikitazama mteremko, uzito wote wa mlango unataka kurudi mbele kujifunga, na kinachouzuia ni kishikio kimoja kidogo mwisho wa reli. Kikiwa kimechakaa, mlango huja wenyewe, na vidole vya mtoto viko pale pale kwenye nguzo. Mlango wa mota hurudi nyuma ukigusa kitu. Ule wa mkono haujui kitu wala mtu. Basi hapo yadini tafuta mwinamo wowote, hata ule wa kutokea getini, uegeshe pua chini, ufungue hadi mwisho, utikise gari. Ukijifunga, tafuta gari jingine au punguza bei ya fundi kabla hujalipa. Kufuli ya watoto iko kwenye ukingo wa mlango, nayo ijaribiwe.

Mlango wa nyuma ni mrefu na hudai nafasi kubwa. Nissan Serena ya 2016 ilitatua hilo kwa kufungua nusu ya juu peke yake, na kwenye msongamano wa soko la Sondu naiona ni akili nzuri. Noah ya 2022 inaweza kuwa na kidato kinachojitokeza mlango ukifunguka, bila mota. Ni kizuri kwa wazee, ila bei yake bado iko juu, na kwa kuwa Kenya hupokea magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, anayesubiri kidogo ataikuta yadini kwa bei iliyoshuka.