Mitumbwi ya Kabaka: Starehe ya Majini na Madaraka katika Buganda, 1862–1889

1.0 Utangulizi

Historia ya vyombo vya majini katika Ziwa Viktoria imeandikwa zaidi kwa kufuata biashara, vita na umisionari. Starehe ya majini imeachwa pembeni, kana kwamba ni jambo dogo lisilostahili uchunguzi. Insha hii inachunguza matembezi ya ziwani ya Kabaka Mutesa I na mwanawe Mwanga II, na hasa Ziwa la Kabaka lililochimbwa kwa mikono huko Mengo kati ya 1885 na 1888 kwa nia ya kuliunganisha na ziwa kubwa, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Hoja kuu ni kwamba starehe hiyo haikuwa pumziko lililo nje ya utawala, bali ilikuwa mojawapo ya njia za kutawala. Ilitegemea kazi ya watu wengine, na kazi hiyo ilipovuka kiwango kilichozoeleka, utii ulidhoofika hadi ukakatika ukingoni mwa maji.

Vyanzo vya mada hii vinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Speke na Stanley walikuwa wageni wa mfalme, na waliandika ili wasomwe Ulaya. Wamisionari walimwandika Mwanga baada ya wafuasi wao kuuawa kwa amri yake. Naye Apolo Kagwa, mwandishi wa historia ya wafalme wa Buganda, alikuwa katika upande ulioshinda na akawa Katikiro kuanzia 1889. Hata hivyo, waandishi hawa waliokuwa na malengo tofauti wanakubaliana katika jambo moja: mfalme na mitumbwi yake hawakutengana.

2.0 Mitumbwi na Watu Wake

Mitumbwi mikubwa ya Buganda haikuwa magogo yaliyochongwa tu. Iliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku mmoja mrefu, na ncha yake ya mbele ikapambwa kwa pembe za swala na manyoya ya ndege. Waundaji na wapiga makafi wengi walitoka Visiwa vya Ssese na vijiji vya ukingoni mwa ziwa. Usimamizi wa mitumbwi ulikuwa chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba, yaani ukoo wa kamongo. Visiwani Ssese, katika kisiwa cha Bubembe, palikuwa pia na hekalu kuu la Mukasa, mungu wa ziwa.

Kwa hiyo, mfalme aliyetawala nchi kavu kutoka juu ya kilima alikuwa mgeni majini. Kila safari yake, iwe ya vita au ya kujifurahisha, ilihitaji nguvu za watu wa visiwani na ridhaa ya mungu asiyekuwa chini ya amri ya kasri. Reid, katika utafiti wake wa 2002 kuhusu madaraka ya Buganda, ameonyesha jinsi mitumbwi ilivyopata uzito zaidi katika karne ya 19, vita na biashara ya masafa marefu vilipoelekea ziwani. Starehe ya mfalme ilitumia mitumbwi hiyohiyo na mikono hiyohiyo.

3.0 Matembezi ya Mutesa

Mwezi Aprili 1862, Mutesa alimchukua Speke katika matembezi ya siku kadhaa kwenye ghuba ambayo Speke aliipa jina la Murchison. Msafara ulikuwa na wake wa mfalme, wapiga ngoma na mitumbwi iliyojipanga kumzunguka. Walifika kwenye kisiwa cha mganga wa Mukasa, wakatembea chini ya miti. Hapo mmoja wa wake zake alichuma tunda, akampa mfalme. Mutesa alighadhibika kwamba mwanamke amethubutu kumpa kitu, akaamuru auawe. Speke anaeleza kwamba aliingilia kati, na mwanamke huyo akaokoka.

Tukio hili limetajwa mara nyingi kuthibitisha ukatili wa Mutesa. Kwa mada yetu lina maana nyingine. Katika matembezi hayo, taratibu za kasri hazikulegezwa hata kidogo. Ziwani na kisiwani, mbali na ua wa kasri, bado hakuna aliyeruhusiwa kumkaribia mfalme kama mtu wa kawaida. Matembezi yaliwaonyesha wote waliokuwapo kwamba mamlaka yake yalimfuata kila alipokwenda, hata mlangoni mwa mganga wa Mukasa.

Miaka 13 baadaye, Aprili 1875, Stanley alimkuta Mutesa Usavara, kando ya ziwa, alikokuwa amehamia na watu wake kwa mapumziko na uwindaji. Mgeni alionyeshwa maandamano ya mitumbwi mingi yenye wapiga makafi waliojipanga. Mazungumzo yao yalipitia Kiswahili, lugha ambayo Mutesa alijifunza kwa wafanyabiashara wa pwani. Onyesho hilo lilikuwa burudani kwa mfalme na onyo kwa mgeni. Haiwezekani kutenganisha mambo hayo mawili bila kuipotosha maana yake.

4.0 Mwanga na Ziwa la Kuchimbwa

Mwanga alirithi kiti mwezi Oktoba 1884 akiwa kijana. Baada ya moto kuteketeza kasri lake Februari 1886, alihamia Munyonyo, ukingoni mwa Nnalubaale, na ziwa likawa mahali pake pa kila siku. Tarehe 25 Mei 1886 alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, akakuta vijana wa kasri waliopaswa kumhudumia hawapo. Hasira iliyofuata ilianzisha mauaji ya wafuasi Wakristo ambayo kilele chake kilikuwa Namugongo, tarehe 3 Juni. Sababu za mauaji hayo zilikuwa pana kuliko uwindaji mmoja, lakini ni dhahiri kwamba starehe ya ziwani ilikuwa kipimo cha utii: aliyekosekana mfalme aliporejea kutoka majini alihesabiwa kuwa ameasi.

Ziwa la Kabaka lilipeleka mantiki hiyo mbali zaidi. Mwanga alitaka maji yafike karibu na kasri la Mengo, yaunganishwe kwa mfereji na Munyonyo, umbali wa takribani kilomita 10. Masimulizi yanatofautiana kuhusu nia yake. Mengine yanasema alitaka kutembea kwa mtumbwi kutoka karibu na nyumbani, mengine kwamba alitafuta njia ya kutorokea. Maelezo haya hayapingani. Mfalme aliyezoea mtumbwi kama chombo cha fahari alijua pia kwamba mtumbwi huokoa.

Jipya lilikuwa aina ya kazi iliyodaiwa. Kupiga kafi kulikuwa wajibu wa watu wa ziwani kwa desturi ya tangu zamani. Kuchimba kulidaiwa kwa watu wa bara, na machifu wenyewe waliitwa kufanya kazi pamoja na raia, huku waliochelewa wakitozwa faini. Mzigo uliokuwa wa visiwa sasa ulimwangukia hata mtu mwenye cheo. Mfereji haukukamilika, na ziwa likabaki peke yake.

5.0 Septemba 1888

Hatimaye Mwanga alipanga kuwaondoa wasomaji, yaani Waislamu na Wakristo waliokuwa na bunduki na vyeo. Kwa mujibu wa simulizi za wasomaji na wamisionari, mpango ulikuwa kuwapeleka kwa mitumbwi hadi kisiwani na kuwatelekeza huko wafe kwa njaa. Habari zilivuja, nao wakakataa kupanda. Siku chache baadaye walimpindua na kumtawaza nduguye Kiwewa. Machifu wazee, ambao uchimbaji ulikuwa umewachosha, hawakumpa utetezi wa kutosha.

Mwanga alikimbia kwa mtumbwi hadi Magu, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Kutoka hapo alipata hifadhi Bukumbi kwa wamisionari Wakatoliki, akarudi kupigania kiti chake mwaka 1889, akitumia kisiwa cha Bulingugwe, karibu na Munyonyo, kama ngome. Njia ya maji aliyoitafuta kwa kuchimba ilikuwapo tangu mwanzo, ila ilikuwa mikononi mwa watu waliojua kupiga makafi.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba starehe ya majini katika Buganda ilikuwa na watu walioibeba. Chini ya Mutesa ilidumu kwa sababu ilikaa ndani ya wajibu uliokwisha zoeleka. Chini ya Mwanga ilidai wajibu mpya kwa watu wapya, kisha mtumbwi wenyewe ukageuzwa kuwa chombo cha kuangamizia. Kukataa kupanda mtumbwi kulikuwa kukataa kutawaliwa.

Ziwa la Kabaka lipo hadi leo, limezungukwa na mji wa Kampala, bila mfereji. Baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1993, mashindano ya mitumbwi ya koo yamefufuliwa mbele ya Kabaka, na umati huyashangilia kama urithi wa wote. Watafiti wa urithi huo wana wajibu wa kuuliza, pamoja na nani aliyetazama, ni nani aliyepiga kafi na nani aliyechimba.